Faili Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Nimebandika karatasi mpya kwenye banda la gemu. Ile ya zamani imeliwa na mchwa. Banda ni la kaka yangu Abdiaziz, jenereta ni yake, mashine ni yake, lakini Kiingereza cha kwenye skrini kinampiga chenga. Kwa hiyo asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, mimi nacheza na kusoma, kisha naandika kwa Kiswahili ili wanaoanza wasife kila dakika mbili wakaanza kugombana. Wateja wanadhani kaka ndiye mwandishi. Haya, wadhani tu.

Namba moja nimeiandika kwa wino mwekundu: USIFUTE FAILI YA MWENZAKO. Mashine inahifadhi safari tatu tu. Ya kwanza ya Abdiaziz, ya pili ya wateja wote, ya tatu yangu. Nimeiita ABD. Miezi mitano! Nimezunguka nchi yote ya mle ndani, nimebakisha mnara mmoja.

Mengine: Usikimbie ovyo, panda kilima kwanza uione nchi. Ongea na kila mtu kijijini, hata yule mzee anayekera. Farasi akianza kuhema shuka, mpeleke kwenye maji, ukimlazimisha ataanguka na hataamka. Hilo la farasi sisi Waorma, wafugaji, hatuhitaji kuambiwa. Lakini Zadock, Mpokomo, mtoto wa wakulima, niliyesoma naye shule ya msingi, ameshaua farasi sita.

Jumatano, 8 Septemba

Naposwa!

Shangazi Mumina ameshuka leo kutoka Hola na hiyo habari, hata maji hajanywa. Anaitwa Suleiman. Anafanya biashara ya ng'ombe, ana lori. Mama anacheka peke yake jikoni. Mimi je, nimeulizwa? Bado. Nitaulizwa Ijumaa ya wiki ijayo, wazee wakiwepo uani. Shangazi amenifundisha: atakuja chumbani, ataniuliza, nami niinamishe kichwa, ninyamaze. Msichana akinyamaza amekubali. Yeye mwenyewe aliolewa hivyo.

Nikamwuliza, na asiyetaka anafanyaje? Akanitazama weee, halafu akaomba chai.

Alhamisi, 9 Septemba

Sijalala vizuri. Nimeongeza namba nane ukutani, niliisahau: Mchezo ukikuuliza swali, kishale kiko kwenye NDIYO tayari. Ukikaa tu bila kubonyeza, umehesabiwa umekubali. Ndivyo nilivyomgawa farasi wangu wa kwanza, mwezi wa tano. Nilikuwa bado nafikiria!

Jumapili, 12 Septemba

Nimemwona!

Kumbe yuko hapa Garsen tangu jana, ana ng'ombe wa kupakia. Abdiaziz akampeleka bandani kumpumzisha. Duka la mama limepakana na banda, katikati ni bati tu, na bati lina tundu la msumari. Nikakaa juu ya gunia la sukari. Najua, ni aibu. Nimekaa hata hivyo.

Ni mrefu. Meno mazuri. Kabla ya kushika chochote akasoma karatasi yangu yote, kwa sauti, polepole, ili na wale wawili waliokuwa wakianza wasikie. Akasema aliyeandika hii ana akili. Abdiaziz akajikohoza. Kisha akacheza kwenye faili ya wateja, na farasi alipohema tu, akashuka. Akamwongoza hadi mtoni, akamngoja anywe.

Mama aliniita mara tatu nisisikie.

Jumanne, 14 Septemba

Zadock alikuja dukani kununua sabuni. Ni yeye peke yake nje ya nyumba hii anayejua kwamba nacheza. Akasubiri mama aingie ndani, akasema, "Dada Abdia, faili yako imefutwa." Nikacheka. Nilidhani utani wake wa kawaida. Akasema jana Suleiman alitaka kuanza safari yake mwenyewe. Alifika kwenye ya tatu, akauliza hii ABD ya nani. Watu wamejaa. Abdiaziz akamjibu, "Haina mwenyewe. Futa."

Haina mwenyewe!

Nimekimbia bandani kuona. Faili ya tatu inasema SUL. Amecheza saa moja na nusu. Yangu haipo, wala hakuna namna ya kuirudisha.

Nikamkabili Abdiaziz. Akasema angejibu nini mbele ya shemeji, kwamba dada yake anashinda kwenye gemu? Akasema ni mchezo tu. Kwetu ng'ombe akipotea huuliziwa kisima hadi kisima kabla mtu hajasema hana mwenyewe. Mimi nilikuwa dukani, nyuma ya bati! Angebisha hodi tu.

Nina hasira na kaka. Na Suleiman? Sijui. Aliuliza. Lakini namba moja aliisoma kwa mdomo wake.

Alhamisi, 16 Septemba

Alfajiri niliingia bandani nikaandika chini ya ile karatasi: ABD ilikuwa ya Abdia binti Kuno. Karatasi hii pia ni yake.

Abdiaziz ameichana saa kumi jioni. Hajanisemesha tangu hapo. Suleiman alipita bandani saa tisa mchana. Sijui kama aliisoma.

Ijumaa, 17 Septemba

Wamekuja baada ya sala. Baba, wazee wawili, Abdiaziz, Suleiman. Wako uani, mimi chumbani, kati yetu pazia.

Shangazi aliingia akaniuliza, "Abdia, unamtaka Suleiman?" Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Nilitaka kujua kwanza: aliisoma ile niliyoiandika jana? Maana siwezi kuolewa na mtu asiyejua aliyefutwa ni nani. Sikunyamaza, nilikuwa nafikiria! Akanipapasa bega, akatoka.

Namsikia huko nje: "Amenyamaza." Alhamdulillahi, wazee wanasema. Nimeganda. Kalamu ndiyo kitu pekee nilicho nacho mkononi.

Baba anataka kuanza dua.

Ngoja. Suleiman anaongea. Mzee mmoja amemkatiza, yeye anaendelea, taratibu tu: "Jumatatu niliuliza kitu ni cha nani, akanijibu mtu mwingine. Nikakiharibu. Leo naomba ajibu mwenyewe, kwa mdomo wake."

Aliisoma!

Hata Abdiaziz hajikohozi. Nasikia ndara za shangazi zinarudi, upesi upesi. Nimeshasimama, naandika nikiwa wima. Simngoji aniulize. Natoka kwenda uani mwenyewe. Kwanza nitamwambia ile faili ilikuwa miezi mitano, halafu nitajibu kwa mdomo wangu.