Bibi Khole wa Sinaw ni Mimi

Mpendwa Bi Radhia,

Shikamoo. Naisoma safu yako miaka mingi na kila nikiisoma nilikuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa kwani hawana ndugu wa kuwauliza, leo zamu yangu, maana nililonalo siwezi kumwambia mama wala mume wala shoga, naomba msaada wako na naomba unibadilishie majina yote.

Mimi ni mke wa mtu, nimeshapita arubaini, nina watoto watatu, nakaa Mudhaibi huku Uarabuni, wazee wetu walikuja huku kutoka Unguja na Kiswahili tumekikuta nyumbani. Ninaye nduguyangu wa ziwa anaitwa Badar, mama yake alininyonyesha mwaka mzima mama yangu alipokuwa kalazwa hospitali, kwa hivyo kwa sharia yeye ni kakaangu na hakuna anayeona vibaya akija kwangu au tukizungumza kwenye simu. Badar ndiye yule mtangazaji, utakuwa umemsikia, na kama hujamsikia yeye basi umesikia anavyotukanwa. Alikuwa karani wa serikali Ibra, kazi nzuri, akaiacha, akaanza redio ya mtandaoni ndani ya stoo ya tende ya marehemu baba yake, anasema yale ambayo watu huyanong'ona tu, pasipoti za wafanyakazi zinazofungiwa makabatini, mabinti wanaokatazwa kuolewa kwa kuwa ukoo wa mchumba ati si sawa na wao, na sisi wa Unguja hakutusaza, alisema tumekuja huku na mabegi mawili na kiburi cha mabegi kumi. Ukoo mzima ulisema kapatwa na jicho.

Tabu yake ya mwanzo ilikuwa hakuna anayepiga simu. Anasema saa nzima, anataja nambari, kimya, watu wanasikiliza lakini nani atathubutu? Akanijia akaniambia, "Dadaangu, akipiga mmoja wengine watafuata, nipigie wewe, jifanye yeyote, nibishie." Nikajifanya kizee cha Sinaw, Bibi Khole, kwa sauti ya bibi yangu marehemu, nikamwambia, "We mtoto, hukufunzwa kwamba maneno ya ndani hayatolewi barazani?" Wallahi simu zilimiminika mpaka laini ikakatika, wengine wanamtetea Badar, wengine wananitetea miye, na mmoja analia ati sauti yangu imemkumbusha nyanya yake.

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi, miaka sita. Badar akachukuliwa na redio yenyewe ya kweli, Jumanne asubuhi, nusu Kiarabu nusu Kiswahili, na kila Jumanne Khalaf mume wangu akishatoka kwenda kazini mimi naingia jikoni, nafunga mlango, napiga kwa laini aliyoninunulia Badar kwa jina lake mwenyewe ili mume wangu asije akaiona. Badar akisema binti achague mume, Bibi Khole anasema na mbuzi nao wachague mchinjaji. Watu wakicheka, Bi Radhia, na huku wanacheka wanabishana, na mambo ambayo hayakuwa na mahali pa kusemwa yakawa yanasemwa. Kuna bwana wa Sur alimpelekea Bibi Khole halwa redioni. Khalaf humsikiliza ndani ya gari akienda kazini, na akirudi ananisimulia alivyopiga usukani kwa kicheko, ananiambia, "Huyu bibi ndiye pekee mwenye akili kwenye redio ile," nami namwitikia, ehe, kweli.

Sasa sikiliza kilichonifika. Nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta, ni ya wifi yangu Shukriya, dada yake Khalaf. Ana mfanyakazi kutoka Tanga, Zabibu, mtoto wa miaka ishirini au hajafika. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa juu ya paa la sakafu naanua nguo, ukuta baina yetu pale juu unanifika kifuani tu, nikamkuta kajikunyata nyuma ya tangi la maji, mkono kaufunga kwa kipande cha kanga, alipofungua niliona kovu bichi lenye umbo la pasi ya nguo, mshauri, pasi nzima, na ncha yake. Akaniambia mlango wa chini unafungwa kwa nje wakitoka, simu kanyang'anywa, akasema, "Mama, nisaidie niende kwetu." Nilimletea dawa ya kupaka na mkate, nikamwambia vumilia mwanangu, Mungu yupo, nikateremka, nikapika chakula cha usiku.

Jumanne iliyofuata mada ikawa wafanyakazi wa majumbani, na Badar alikuwa kaniomba niwatetee wenye nyumba, kama desturi ya Bibi Khole, nikaanza vizuri tu, hawa watoto waongo, hawa wezi, halafu koo likanikataa. Nikajisikia nasema kwa sauti ile ile ya kizee mkono ulioungua, pasi, mlango unaofungwa kwa nje, geti la kijani lenye simba wawili, Mudhaibi, na nikasema hata mimi mtu wa zamani nasema hii ni haramu. Badar akaacha kunibishia. Akauliza, "Bibi, umeona mwenyewe?" Nikasema nimeona mwenyewe, nikakata.

Geti la kijani lenye simba wawili kwetu ni moja. Jioni ile Shukriya alikuja kulia kwangu, kakaa kwenye zulia langu, mimi ndiye niliyemmiminia kahawa, na Khalaf akaapa mbele yetu, "Huyo mwanamke nikimjua simwachii ulimi." Mume wa Shukriya akaenda kushitaki. Polisi wakamtafuta Bibi Khole Sinaw, sokoni watu watatu wakaapa wanamjua na kila mmoja akaelekeza nyumba yake, lakini hakuna bibi. Wakatazama laini, jina la Badar. Sasa wanasema Badar kamtunga mpigaji, katunga na habari, kawavunjia watu heshima. Redio imemsimamisha. Wakili wake anasema bila ya shahidi anaweza kufungwa, ila upande wa pili wako tayari kusamehe akisaini taahudi, karatasi ya kukiri kwamba yote yalikuwa ya uongo na hatashika tena maikrofoni. Siku yenyewe Jumapili. Badar yuko tayari kusaini. Kaniletea salamu kwa mdomo wa mama yake, "Mwambie asiseme neno, mimi nimekwisha, asiishe na yeye."

Mimi nikisema, Khalaf ataniacha, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na watoto sijui watakuwa wapi, na watu wote waliompenda Bibi Khole watajua miaka sita tumewachezea. Nisiposema, nduguyangu anaweka mkono kwenye uongo kwa ajili yangu na maisha yake yote ya kusema kweli yanageuka kichekesho. Lakini akisaini yanakwisha kimya kimya, hakuna talaka, hakuna jela, hata Shukriya kaanza kutulia, juzi nimemwona yuko juu anaanika nguo mwenyewe, katika wiki tano hizi ndiye anayeanika. Je, nimwache nduguyangu asaini? Usiku silali, nakula najilazimisha, nikisikia redio ya jirani nafunga madirisha. Nisaidie, mimi si mtu mbaya.

Mwanao mwenye dhiki


BI RADHIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Majina nimeyabadilisha, na mji, na geti, na siku ya kipindi. Lakini wanaokujua watakujua, na wewe ulipokuwa ukiandika ulilijua hilo. Mtu anayetaka kujificha haandiki gazetini. Kwa hivyo tusipotezeane wakati. Gazeti linatoka Ijumaa, karatasi inasainiwa Jumapili, una siku mbili.

Nakuonea huruma, tena sana. Ukuta ule una nyumba pande zote, na wenye macho si wewe peke yako. Wote waliona wakateremka wakapika. Wewe angalau koo lilikukataa. Hilo nimelishika, na lisingekuwa hilo jibu langu lingekuwa kali zaidi.

Sasa nikuseme. Nimeisoma barua yako mara tatu. Badar yumo, Khalaf yumo, wifi yako na machozi yake yumo, hata bwana wa halwa kapata nafasi. Zabibu umemtoa nyuma ya tangi, umetuonesha kovu lake, kisha ukamsahau hapo hapo! Hujaniambia yuko wapi. Unaniambia wifi yako "kaanza kutulia" kwa kuwa anaanika nguo mwenyewe. Bibi wee! Tangu lini mwenye mfanyakazi akaanika nguo wiki tano? Hebu lifikirie hilo neno. Ama yule mtoto amefungiwa asionekane, ama kahamishwa, ama mkono umeoza hawezi kuutumia, na mengine siyataji. Unauliza kama umwache kaka yako asaini, na swali halikuwa hilo hata kidogo.

Karatasi ile unaiona ni ya Badar. Siyo. Badar akiisaini, anaandika kwa mkono wake kwamba mtoto yule hakuungua na hakufungiwa. Kesho Zabibu akipata upenyo akakimbia, akafika mbele ya watu akaukunjua mkono, wifi yako atafungua mkoba atoe taahudi: hii habari ilishathibitishwa kuwa ni uongo, aliyeitunga alikiri mwenyewe. Nani atamsikiliza tena? Kaka yako anadhani anakukinga wewe. Anamzika mtu, na huenda mzima.

Na yeye Badar, kwa kuwa najua atasoma, nina lake. Uliwaambia watu wazi wazi yale wasiyotaka kusikia, na nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakikungoja kila Jumanne, mguu juu ya kiti na chai mkononi. Nikimpenda yule bibi. Nimemkasirikia juzi niliposoma kwamba hayupo, nikakukasirikia na wewe. Ulitaka watu wawe jasiri ukawaazima ujasiri wa uongo, na siku ukweli ulipokuja ulikuja kwa mdomo ambao huwezi kuuonesha. La kuvunda halina ubani, yakhi. Lakini kosa la kuficha jina la dada yako usilitibu kwa kosa la kuukana mwili wa mtoto wa watu. Usisaini.

Turudi kwako. Sitakudanganya kwamba ukisema yatarudi yalivyokuwa. Kazi ya kaka yako imekwisha, asaini asisaini, hakuna redio itakayompa kiti mtu aliyewachezea wasikilizaji miaka sita. Kwa hiyo usiende ukidhani unakwenda kumrudishia maikrofoni. Talaka nayo yaweza kuja. Khalaf aliapa mbele ya dada yake, na wanaume wa namna hiyo hupenda viapo vyao kuliko wake zao. Labda atatulia, labda hatatulia, mimi siweki rehani juu yake, na wewe usiweke.

Kwa hivyo fanya hivi. Leo hii, kabla ya kumwambia mtu yeyote nyumbani, kaa uandike ulichokiona: siku gani, saa ngapi, mkono upi, alisema nini. Andika kwa jina lako, kwa sauti yako. Kizee cha Sinaw asiwemo hata kwa mzaha. Ukimaliza piga simu kwenye nambari niliyokutumia Jumatatu, ya watu watakaomsaidia Zabibu, kisha umpelekee wakili wa kaka yako karatasi hiyo kwa mkono wako, na umwambie ile laini uliipiga wewe. Usimtume mtu. Muulize na wewe mwenyewe utasimama wapi mbele ya sharia, maana ukishajitaja na wewe umo.

Khalaf mwambie mwisho, yote yakishafanyika, na usimwambie ndani ya gari wala chumbani mkiwa wawili. Mwambie mbele ya kaka yako wa damu ukiwa naye, au ami yako, kwa mama yako, watoto wakiwa wapo na vyeti vyao vya kuzaliwa viko mkobani mwako. Akikasirika akasirikie hapo penye watu. Mama yako umeniambia huwezi kumwambia. Utamwambia. Mama aliyekubali mtoto wake anyonyeshwe na mwanamke mwingine ili aishi ataelewa kwa nini unamfanyia mtoto wa mwanamke mwingine jambo hili.

Umesema wewe si mtu mbaya. Nakuamini. Wengi waliomwambia yule mtoto avumilie si watu wabaya.

Barua yako ilinifika Jumatatu. Sikungoja gazeti. Jumatatu ile ile nimewapigia watu wanaowapokea wasichana waliokwama majumbani huko, nikawapa mtaa, nikawapa geti, nikawapa jina lake. Bwana aliyepokea alikuwa mpole, aliandika yote. Akaniuliza, bibi, nani aliyemwona? Nikamwambia sina ruhusa ya kumtaja. Akaniambia maneno ya kusikia anayo mengi kwa siku na mlango haufunguliwi kwa maneno ya kusikia, anahitaji mtu mmoja aliyeona, mwenye jina. Nimemwambia atapiga mwenyewe. Nilimwambia hivyo Jumatatu, na leo asubuhi nimemuuliza, hujapiga.

Bi Radhia