Bendera za Babu Gadi

Nguvumali, Tanga

Dada Zuwena,

Huku wazima, mbuzi kazaa pacha. Sasa nisikilize. Baada ya arobaini ya babu uligawa nguo zake sadaka, sawa. Bendera zake za ugadi wa treni nazo ni nguo? Taa, filimbi na kofia nimezipanga sebuleni kushinda makumbusho yoyote, bendera hamna!

Nyekundu nimeiona Muheza, mzee muuza machungwa kaipiga kilemba. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hiyo yasimamisha treni."

"Marahaba. Nilipewa sadaka, mwanangu. Waidai?"

Mimi Sele, bingwa wa maneno, nikaishia kununua machungwa na kumwachia kilemba chake.

Babu alinikabidhi bendera zote mbili mwenyewe, nawe ulikuwepo waona. Itafute ya kijani. Idi usije mikono mitupu, na ukisikia nimekusamehe, umedanganywa.

Mdogo wako, hasira bado,
Sele