Mtoe Baba Hapo

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Nyumbani.
Jumatano, tarehe 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, kwa sababu tulilelewa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wifi yangu mzima, na yule binti yenu aliyekuwa anaota meno ameshamaliza kuwang'ata. Kifua chako je? Baridi ya huko bado inakusumbua? Vaa fulana ya ndani hata kama wenzako wanakucheka. Sisi huku miili haijambo. Goti langu linalalamika kwenye ngazi, lakini linapanda. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida.

Adabu imeishia hapo. Sasa nisikilize.

Nakuandikia kwa kalamu kwa makusudi, kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunikatiza, na karatasi haikatizwi. Hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana, maana zilikuwa na maneno ambayo Mama angekuwa hai angenifinya sikio.

Ulipoondoka miaka miwili iliyopita ulituachia tangi lako la samaki pale chumba cha mbele. Ulisema, "Dada, nitunzie tu, halina kazi." Halina kazi! Nimejifunza kupunguza majani kwa mkasi mrefu, kupanda vishina kwenye changarawe kwa koleo, kufungua ile ndoo ya filta chini ya kabati kila baada ya wiki sita na kusuuza sifongo zake. Mimi, muuguzi wa miaka ishirini na sita, nanuka matope ya samaki siku yangu ya mapumziko. Sikulalamika. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya Baba.

Baada ya msiba wa Mama, Baba alinyamaza. Hakuwa mgonjwa, alinyamaza tu. Alikuwa anakula akiitwa na kulala akiambiwa. Kitu cha kwanza kilichomfanya aburute kiti chake kutoka dirishani ni sauti ya maji yanayorudi kwenye lile tangi. Alisikiliza siku mbili, halafu akaniambia, "Mpira wa kuvuta maji umejikunja nyuma ya kabati." Nikainama kuangalia, kweli umejikunja. Toka siku hiyo tangi likawa letu, mimi na yeye. Nakuambia haya kwa sababu hujawahi kuuliza.

Sasa tuje kwenye kifurushi chako. Ulituma vifaa vitatu vya kuunganishwa kwenye mipira ya filta: hita ya kukaa nje ya tangi, kile kichupa cha kuchanganya gesi ya mimea na maji, na ile taa ya kuua vijidudu. Nia yako ilikuwa njema, siikatai. Ulitaka vitu visionekane ndani ya maji, majani yanawiri, maji yang'ae. Sawa. Kosa halikuwa kifurushi.

Jumamosi iliyopita Baba aliamka kabla yangu. Nilipotoka chumbani nilimkuta mezani amevaa koti lake la kazi, lile la buluu lenye mifuko minne. Kitinda, koti lile lilikuwa halijavaliwa miaka kumi na moja. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, ameacha mkunjo mbaya begani, na mkoba wake wa spana ulikuwa mezani kwenye gazeti, kila kifaa kimefutwa mafuta. Alikuwa amesikia kwamba kuna kazi ya bomba. Mtu aliyelaza mabomba ya hospitali nzima ninayofanyia kazi, miaka arobaini na moja akiwa fundi bomba, alisikia kuna viungio sita vya kufungwa sebuleni kwake, akajiandaa.

Ukamleta fundi wako, yule anayejiita Profesa wa Maji.

Sijui alikosomea uprofesa huo. Aliingia na viatu, akakuweka kwenye simu, akaisimamisha simu kwenye rafu ili uone kila kitu, na kuanzia hapo mkawa mnazungumza nyinyi wawili kama sisi ni mapazia. Alikata mpira kabla ya kupima. Midomo ya vifaa vyako ilikuwa mipana kuliko mpira, akaulowesha mpira kwenye maji ya moto na kuusukuma kwa nguvu, halafu akafunga kwa vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya.

Baba akasema taratibu, "Kijana, hapo umeweka upande wa kuvuta. Vifaa vinakaa upande wa kurudisha, maji yakishapita kwenye filta. Na hivyo vikamba havibani maji."

Profesa akacheka. "Mzee, hii siyo mifereji ya choo."

Na wewe ulicheka. Usiniambie mtandao ulikuwa mbaya, nilikusikia. Ukacheka, halafu ukasema, "Dada, mtoe Baba hapo, anamchanganya mtaalamu."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hukuwepo, na lako ndilo lililofuatwa. Mimi ndiye niliyemshika Baba kiwiko nikamwambia, "Twende ukapumzike, Baba." Hakunibishia. Alikunja gazeti na spana zake ndani, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole kama mgeni asiyetaka kusumbua wenye nyumba. Hasira yangu kwako ni kubwa, lakini nusu yake ni juu yangu mwenyewe. Mguu na mdomo ninavyo. Ningeweza kubaki nimesimama.

Jioni Baba hakula. Alisema ameshiba.

Jumapili asubuhi niliingia sebuleni na chai mkononi nikakuta samaki wako juu ya maji, midomo nje, mapezi yanapepea haraka haraka. Kitinda, nimewaona watoto wachanga wakitafuta pumzi. Nimeona wazee wakitafuta pumzi. Kiumbe anayekosa hewa namtambua hata akiwa na ukubwa wa kidole. Kumi na mmoja wa wale wenye mstari mwekundu walikuwa wameshalala chini kati ya majani, weupe. Ndoo ya filta ilikuwa inakoroma kama mtu anayesukutua koo, na maji yanayorudi yalikuwa uzi mwembamba tu.

Nilimpigia Profesa mara nne. Hakupokea. Nilikupigia wewe. Ukaandika, "Niko kikaoni, msubiri mtaalamu, msiguse kitu."

Msiguse kitu! Yaani nikae na kikombe changu nitazame kufa.

Nikachomoa umeme. Hapohapo viungio vya Profesa vikaanza kutiririka, vyote, na maji yakaingia chini ya zulia. Ndipo nikafanya jambo nililopaswa kulifanya jana yake. Nikabisha mlango wa Baba.

Alikuwa amelala ameangalia ukuta. Hakugeuka. Akauliza kitu kimoja: "Umezima umeme?"

"Nimezima, Baba, na sasa inavuja."

"Ilikuwa haivuji ikiwaka?"

"Haikuvuja. Ilikuwa inakoroma."

"Ilikuwa inavuta hewa humohumo inamovuja sasa. Funga koki mbili zilizo juu ya ndoo. Halafu funga mtungi wa ile gesi ya mimea. Fungua madirisha."

Unaelewa? Mzee uliyesema anamchanganya mtaalamu aliusoma ugonjwa wote akiwa kitandani, mgongo umegeuka, bila kuona hata tone.

Alitoka peku, na nguo za kulalia. Alinituma maji: jagi kwa jagi kutoka kwenye pipa letu la akiba, nikimimina kutoka juu ili yabebe hewa, na ya zamani nikiyachota tangini na kuyamwaga nje. Shemeji yako alipanga vitambaa sakafuni. Ilichukua karibu saa nzima kabla samaki wa kwanza hajashuka chini. Alivyoshuka, Baba alimfuata kwa macho mpaka alipojificha nyuma ya gogo, na ndipo akakaa sakafuni na kusema nimletee mkoba.

Nitakueleza alichokikuta, ili siku nyingine ukimwita mtu profesa uwe na kipimo. Kile kichupa cha gesi kilikuwa kabla ya filta, kwa hiyo mapovu yote yaliingia ndani ya ndoo na kukusanyika chini ya kifuniko, na pampu ikawa inatafuna gesi badala ya kusukuma maji. Mtungi uliachwa wazi usiku kucha, na majani hayali gesi gizani. Aliyeila ni samaki. Hita nayo ilikuwa imelazwa mahali ambapo maji hayapiti, inapasha maji yaleyale yaliyosimama kwenye bomba huku tangi linapoa. Na vikamba vya plastiki ni vikamba vya plastiki.

Mkono wa kulia wa Baba unatetemeka siku hizi. Hilo nalo hujawahi kuliuliza. Kwa hiyo alipima yeye, nikakata mimi. Alikataa kabisa kulazimisha mpira mwembamba kwenye mdomo mpana. Shemeji yako alishuka hadi duka la vifaa la kona ya pili akarudi na vipande vya kuunganishia na klipu za chuma za skrubu. Baba alipanga kila kitu kwenye mpira wa kurudisha: hita kwanza, imesimama wima, maji yanaingilia chini na kutokea juu ili hewa isipate pa kujificha; kisha kichupa cha gesi. Taa yako aliigeuza mkononi, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye boksi. "Kila unachokitia njiani kinayachelewesha maji," alisema. "Bomba siyo msumari wa kuning'inizia makoti. Viwili vinatosha."

Nilikuwa nimepiga magoti nakaza klipu ya mwisho, kichwa changu ndani ya kabati, yeye nyuma yangu ameniangazia tochi. Labda kwa sababu sikuwa namuona usoni, nikaweza kusema.

"Baba, nisamehe kwa jana."

Tochi ikasogea karibu na klipu. Maji yanadondoka mahali fulani.

"Kaza kidogo," akasema. "Hapo. Basi. Usivunje."

Mpaka leo sijui kama hilo ni jibu. Nimeamua ni jibu.

Tulizungushia kila kiungio karatasi kavu ya chooni, tukafungua koki, tukawasha, tukasubiri. Dakika ishirini Baba hakuondoa macho. Karatasi zote zilitoka kavu. Alinionyesha ya mwisho, mbele na nyuma, jinsi daktari wetu mkuu anavyoonyesha picha ya kifua kisicho na kasoro. Halafu akasema ana njaa, akala sahani mbili.

Samaki kumi na wawili wamebaki. Majani yako mazima. Gesi naifunga mwenyewe kila jioni.

Profesa alipiga simu Jumatatu kuuliza kama tumeridhika na kazi. Nilimwambia tumeridhika na ya pili. Yeye yuko mbali na moyo wangu, sina la kumdai. Fundi mbaya humkosi popote. Lakini wewe ulitoka kwenye nyumba hii. Kila glasi ya maji uliyokunywa utotoni ilipita kwenye bomba alilolifunga yule mzee. Viatu vyako vya kwanza vya shule vilitoka kwenye mikono hiyo, nauli yako ya kuondokea ilitoka humo, na siku moja tu aliyoomba kukuonyesha kwamba bado inajua kitu, ukasema atolewe. Na ulisema "Baba", hukusema hata "mzee". Ulikumbuka ni baba yako na bado ukasema.

Usijaribu kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Usitume zawadi, usitume kifaa kingine, usinitumie mimi ujumbe wa "nisaidie kumwelewesha". Sitakuwa mpira wa kupitishia maneno yako. Kila Jumamosi saa kumi alasiri nitakuwa nyumbani na simu itakuwa mezani mbele yake. Mpigie. Usianze na samaki. Ukianza na samaki nitakata, na nitakata tena, mpaka upate sentensi ya kwanza iliyo sahihi. Unaijua. Ni fupi.

Na ukishaisema, mwache anyamaze kadiri atakavyo. Usimjazie.

Msalimie sana wifi yangu; mwambie barua hii aisome, sitaki uifupishe. Mbusu binti kwa niaba ya shangazi yake. Shemeji yako anakusalimu, na amenisihi nipunguze ukali. Huu ndio uliopunguzwa. Bibi wa duka la vioo anaulizia kifua chako.

Mungu akutunze huko uliko, akupe kazi yenye heri na moyo usiochoka kujirudi. Hakuna siku nimelala bila kukuombea, hata Jumapili.

Ni mimi dada yako akupendaye, ijapokuwa wiki hii ni kwa jasho,

Dada Mkubwa.