Spika ya Redio ya Mzee Nzioka

Jumatatu, 5 Februari

Ukiliokota daftari hili, nakusihi lifunge. Ulichokwisha kukisoma usimwambie mtu, hata neno moja. Nina kazi hii moja tu.

Nimechapa hati tatu tangu asubuhi. Wakili ninayemfanyia kazi ameniachia redio ya marehemu Mzee Nzioka niisafishe. Ya mbao, yenye taa za kioo ndani, nzito. Iko stoo kwetu ofisini mpaka ukoo ukae kikao Tawa Jumamosi. Redio atapewa Mutinda, mwana wa kwanza. Mdogo wake, Kimanzi, atapata shamba la mtoni. Wakili anataka ikabidhiwe ikiwa inasema.

Jumanne, 6 Februari

Spika ilikuwa na ukungu na wadudu. Nikaifungua, nikaenda nayo nyumbani saa ya chakula. Nikafanya kama tunavyofanya kwa ndengu zilizoingia wadudu: nikaianika juani, kwenye gunia, kando ya ndengu za mama mwenye nyumba. Nikaingia kuchemsha chai. Kutoka, mbuzi anatafuna. Karatasi yote ya spika imeliwa. Imebaki sumaku na duara la chuma.

Sijamwambia wakili. Naogopa.

Jumatano, 7 Februari

Maduka matatu hapa Mwingi. Spika ni za gari tu, nyepesi, matundu hayalingani.

Mchana Kimanzi alikuja kuiona redio ya baba yake. Akaomba aachwe nayo peke yake. Nusu saa. Niliogopa asije akaigeuza, akaona pengo la spika. Akatoka macho mekundu, akaniambia asante dada. Nilimwandika kwenye daftari la wageni, kama kawaida.

Alhamisi, 8 Februari

Nimedanganya kwamba naumwa. Nimekwenda Nunguni, baridi kali. Fundi ni Mzee Ndeti, amekaa katikati ya redio zilizokufa. Alikishika kile chuma akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, huyo mbuzi amemeza habari za miaka sitini."

Alikuwa na spika moja, ya redio ya shule iliyoliwa na mchwa. Kipimo kile kile. Kabla ya kunipa akanitaka niahidi kumwambia mwenye redio. Sikio halisahau, alisema. Niliahidi. Nilijua nadanganya.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeifunga mwenyewe. Nyaya mbili, skrubu nne. Sauti nene, safi. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jumamosi, 10 Februari

Tawa. Wazee wa ukoo, wakili, mimi na faili. Redio ikawashwa, kwaya ikaimba, vichwa vikaitika. Mutinda akainamisha sikio. Akaizima.

"Hii si spika ya baba. Ya baba ilikuwa inakwaruza mtu akiimba."

Akaigeuza, akaona skrubu mpya. Nani aliigusa? Wakili akafungua daftari la wageni. Mwandiko wangu: Kimanzi, peke yake, nusu saa.

Kimanzi akasema Mungu ni shahidi yake.

"Huyo utamwapia kanisani," Mutinda akamjibu. "Hapa utakula kithitu."

Kiapo cha kithitu. Anayeapa uongo hufa, na watu wa nyumba yake humfuata. Wazee wameamua: Jumamosi ijayo Kimanzi aape, au aliache shamba. Lakini Kimanzi ni shemasi. Kanisa lake humtenga anayekula kithitu, hata akiwa msafi.

Alinitazama. Nilitazama viatu vyangu.

Jumatatu, 12 Februari

Sili. Mimi ni mwoga. Hakuna neno lingine.

Jumatano, 14 Februari

Kimanzi amekuja ofisini. Hataapa. Anaacha shamba. Wakili ameniagiza nichape hati ya kuliachia, Kimanzi ameketi mbele yangu, kofia magotini. Akaniambia ana watoto wanne na mboga zake za sukuma zimeanza tu kushika. Hakuwa akilalamika.

Nikachapa. Nakala tatu. Atatia sahihi mbele ya wazee.

Ijumaa, 16 Februari

Nimemwambia wakili asubuhi, kabla hajavua koti. Hakunifokea. Alinyoosha mkono, nikampa funguo za ofisi.

Nimewaandikia Mutinda na Kimanzi barua moja, maneno yale yale. Mbuzi, Nunguni, skrubu, ahadi. Mzee Ndeti amekubali kuja kushuhudia.

Chini ya barua nimeandika hivi:

Niko Tawa kwa shangazi yangu, nyuma ya kinu cha kusaga, mlango wa bati la buluu. Kesho nitakuwa kikaoni kabla ya wazee kuketi. Anayenitaka kabla ya hapo aje tu, hata akiwa na hasira. Simu nimeizima. Kinu kikiwa kinasaga sitasikia hodi, kwa hiyo zunguka, ugonge dirisha.