Alifunga Duka Kila Siku

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi. Nataraji barua hii itakukuta u mzima, kile kikohozi kimekuacha, na wifi na watoto hawajambo. Sisi huku tunaendelea. Mama anakula kidogo kidogo, na ameanza tena kumgombeza muuza maziwa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi sana.

Najua kazi haikukuruhusu kuja kumzika Baba, na hakuna anayekulaumu. Watu walijaa: maseremala, mafundi bomba, na kila mtu ambaye mlango wake uliwahi kumgomea. Muuza saruji wa duka la pili alilia kuliko sisi. Ni yule yule aliyemwambia Baba miaka yote kwamba duka ni kama mtoto mchanga, haliachwi peke yake. Baba alikuwa akimjibu kwamba watoto anao nyumbani, na hao angalau wakimwona wanamkimbilia.

Nisikuzungushe. Nataka kuzungumzia karatasi uliyotuma, ule wasifu wa marehemu ulioagiza niusome mimi kwa kuwa sauti yangu haitetemeki. Uliuandika vizuri. Tangu Baba alipokuwa akiuza bawaba kwenye sanduku la mbao mpaka akawa na duka lenye vitasa vya kila aina, hukusahau kitu. Ila katikati kuna sentensi moja. Uliandika kwamba katika miaka thelathini na mmoja Baba hakuwahi kufunga duka hata siku moja.

Kaka, Baba alifunga duka kila siku. Saa saba kamili mchana, hata mteja akiwa amesimama na komeo mkononi, alimwomba samahani, akaandika mlangoni kwa chaki “Narudi”, akaja kula nasi. Alikuja na unga wa chuma wa kuchonga funguo kwenye mikono ya shati, na Mama akamkung'uta kama mkeka kabla hajamruhusu kukaa. Alituuliza tulichojifunza, na ukimdanganya alijua. Mtaa mzima ukamwita Bwana Narudi. Wenye midomo walisema amekaliwa na mkewe. Yeye alicheka tu, akasema ni kweli, amekaliwa, wala haoni uzito.

Najua kwa nini uliandika vile. Shuleni walikuita Narudi Mdogo, na ulipigana mara mbili kwa sababu ya jina hilo. Sasa una ofisi yako, na unataka baba wa kufanana nayo. Lakini ulipovunjika mguu, duka lilifungwa siku kumi na moja. Baba alikaa kwenye benchi la hospitali, na mkandarasi aliyekuwa akijenga shule akaenda kununua vitasa vyote kwingine, asirudi tena. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nyuma ya pazia, nikamsikia Baba akimwomba Mama asikwambie kamwe. Alisema mtoto akijua mguu wake uligharimu nini, atachechemea hata baada ya kupona. Mama hakukwambia. Leo nakwambia mimi.

Na kuna lingine. Karatasi yako sikuisoma.

Niliikunja nikaitia mfukoni. Mbele ya watu wote nikasema kwamba mtu huyu alifunga duka kila siku ili aje kwetu, na kwamba yeyote anayeona huo ni udhaifu ajiulize kwanza kama anajua watoto wake wako darasa la ngapi. Fundi bomba mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakacheka huku wanafuta machozi.

Baba mdogo hakucheka. Alisema nimemvua marehemu nguo hadharani, na kwamba kusoma kwangu kote kumenifundisha ulimi tu. Baadaye ndugu walikaa, wakakubaliana uambiwe kwamba wasifu wako ulisomwa neno kwa neno na watu wakausifu. Mimi ndiye niliyetumwa kukuandikia hivyo. Kalamu nimeshika, lakini hayo siyaandiki. Wala siombi radhi. Nikisimamishwa tena kesho, nitayasema yale yale, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Kama umekasirika, una haki. Ila usinitumie hasira zako kwa simu, wala kupitia kwa Baba mdogo. Funga hiyo ofisi, uzilete mwenyewe. Baba angezileta.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Nisalimie wifi sana, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyezoea kumwita Mkaidi.