Mbolea Mbichi na Ufunguo wa Bustani

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nitakabidhiwa ufunguo wa bustani ya mtaa wetu mbele ya watu wote na nafsi inanisuta. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, shuleni tulisoma kidogo kuhusu mbolea nami nikajiona mtaalamu, nikabeba samadi ya kuku ya siku hiyohiyo nikaimwaga kwenye matuta yote ya kabichi, na baada ya siku nne miche ikaungua yote, kumbe samadi ile huachwa kwanza wiki kadhaa ipoe. Watu wakasema ni maji ya kufulia ya mama mshonaji, jirani yetu aliyekuwa akimwagilia bustani hiyo miaka yote, wakamnyang'anya ufunguo, na mimi nikanyamaza kimya. Kwa uchungu nikaanza upya, nikaotesha miche mia mbili kwenye pakiti za maziwa dirishani, mpaka baba akalalamika hana mwanga wa kunyolea ndevu, nikaihamishia bustanini kila asubuhi kabla ya kengele, na sasa, mshauri, ungeziona kabichi zilivyofunga! Mpishi wa shule anakuja na gunia, mwenyekiti wa mtaa ananiita daktari wa mimea. Mama mshonaji akipita husema tu, "Hongera, mwanangu." Hongera hiyo inanichoma. Nikisema ukweli, si watanifukuza?

Daktari wa Mimea

Marahaba, daktari. Miche mia mbili dirishani si mchezo, na wengi wakiharibu hukimbia, wewe ulirudi na jembe. Hapo nakuvulia kofia. Lakini umenikera. Mama wa watu amebeba lawama msimu mzima, nawe unaniuliza habari za kufukuzwa? Yeye alishafukuzwa.

Leo ukitoka shule, hata sare usivue, nenda kwake umwambie ana kwa ana. Usilielie ili akubembeleze. Jumamosi pokea ufunguo, waeleze wote jinsi samadi yako mbichi ilivyounguza miche, kisha umkabidhi yeye palepale. Wakikupigia makofi, yapokee kifua mbele, umeyatolea jasho. Wakinuna, watanuna huku wamekumbatia kabichi zako.

Halafu shika ndoo, umwulize mama uanze kumwagilia tuta lipi.