Mshale wa Geji Umelala

Jumapili, 4 Agosti

Pikipiki imechemka tena! Nusu ya mlima kutoka Subukia, mvuke fuu! Nimekaa kando ya barabara ipoe. Chini bonde lote, ukungu juu ya mahindi, ng'ombe analia mahali simwoni. Karibu nisinzie. Sindano za kupandishia ng'ombe mbegu za fahali hazijui Jumapili, na hii injini ikifa, kazi yangu imekwisha.

Nimefika nyumbani Rhonda saa kumi. Baba kwa kiti chake mlangoni. Hajaongea vizuri tangu aanguke bafuni mwezi wa tano, mimi nikiwa kazini. Nikamweleza tu, kama mtu anayejisemesha. Akauliza: geji ya joto iko wapi? Haina, Baba, iko na taa peke yake. Akacheka! Taa, akasema, inakuambia ukishaungua.

Miaka thelathini na moja alikuwa dereva wa treni, na mimi natafuta ushauri kwa simu. Jinga mimi.

Jumanne, 6 Agosti

Geji niliyoagiza imekuja. Ya duara, ndogo, mshale mwekundu. Baba ameishika kama kifaranga.

Yeye kichwa, mimi mikono. Kata hosi ya juu ya rejeta, weka kiungo cha aluminiamu katikati, sensa inaingia humo. Nimekata mahali si pake — weh! Nimetukanwa kwa Kibukusu, ile ya zamani, ya kumaliza pumzi. Nimefurahi ajabu. Kulanti, ile ya kupoza injini, imemwagika, kijani, harufu tamu. Nimemwaga maji haraka kabla paka wa jirani, Mama Adongo, hajalamba.

Kaka yangu Micah amepiga simu. Shule zimefungwa, ana nafasi, anakuja Jumamosi kumchukua Baba akakae kwake Kimilili. Huko, anasema, kuna watu mchana kutwa, Nerima, wewe unashinda na ng'ombe za wenyewe. Ni ukweli, na ndiyo maana umeniuma. Baba alikuwa anasikia. Akasema tu: sawa.

Sawa gani hiyo?

Jumatano, 7 Agosti

Tumemaliza! Ya mwisho ilikuwa ile waya nyeusi ya ground, kutoka kwa kiungo hadi kwa chuma cha injini. Hosi ni mpira, haipitishi umeme, ameeleza mara tatu, bila hiyo waya geji haioni kitu. Nimewasha. Mshale ukaamka polepole. Arobaini… sitini… themanini, ukatulia hapo. Tukakaa tunauangalia, sisi wawili, jua linaingia kwa mlango, vumbi linaelea. Sijui ni muda gani. Chai ilipoa.

Halafu akaniambia, bila kuulizwa: kwa reli dereva hamalizi zamu mpaka akabidhi injini ikiwa nzima. Ikiwa na kasoro, unabaki nayo.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana Subukia kwenda na kurudi, mshale sawa kabisa. Leo asubuhi umelala. Ziro!

Baba wala hakushtuka. Kuna kasoro, akasema, tutafute. Tumefungua klipu moja moja, upande wa ground amekagua yeye. Amevaa ile koti yake ya reli, amekula ugali akaongeza, amenihadithia moshi wa treni pale Mau Summit mpaka nikauona. Nimeota mchana kweupe: jioni zote ziwe hivi, tunafungua, tunafunga.

Geji haijapona. Kesho Micah.

Jumamosi, 10 Agosti

Asubuhi Baba akiwa anaoga, nimechukua koti nimpigie pasi, asiende kwa watu amekunjamana. Mfukoni kuna kitu. Waya. Ile nyeusi ya ground, imekunjwa vizuri, imefungwa na uzi, skrubu yake ndani.

Nimeketi kitandani. Nimelia, nikacheka, nikalia. Mzee huyu! Si angesema tu hataki kwenda? Lakini hata mimi sijasema nataka abaki.

Na akianguka tena, mimi niko kwa boma la mtu nimevaa glovu mpaka begani?

Koti nimeirudisha. Waya nimebaki nayo.

Saa nne. Naandika haraka, chumbani. Micah amefika, amekunywa chai akiwa amesimama. Begi liko mlangoni. Baba ameketi kwa kigoda kando ya pikipiki na spana, anakaza kitu ambacho kimekazwa tangu Jumatano. Micah amemwambia twende, mzee. Amejibu haachi injini na kasoro. Micah akacheka, akaja kugonga mlango wangu: Nerima, pikipiki ni yako, niambie ukweli — hiyo shida ni ya dakika tano ama ni ya siku nyingi?

Nimemwambia ngoja kidogo, naangalia mahali nimeandika.

Waya iko hapa, mfukoni mwangu. Nikisema dakika tano, Baba anaondoka leo; nikisema siku nyingi, anabaki. Dirisha liko wazi. Anagonga tena. Huko nje spana imenyamaza, Baba amegeuza sikio upande huu.